Ng'ombe Wanaolala Hapa

Mama alikuwa akisema nitazikwa na swali mdomoni, na kazi yangu ya kwanza haikuniponya. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa karani katika ofisi ya mifugo mjini Tabora. Fomu zote zilipitia kwangu: nilizipiga chapa kwenye stensili, nikazirudufu hadi vidole vikawa vyeusi kwa wino, na zilipojazwa vijijini zikarudi kwangu nizijumlishe. Wenzangu waliiona kazi ya kusinzia. Mimi nilizisoma kama mtu anayechungulia uani kwa jirani.

Ndivyo nilivyokutana na mjane mmoja wa upande wa Nzega. Penye swali "Una ng'ombe wangapi?" katibu wa kijiji alimwandikia: hana. Chini, penye nafasi ya shida nyingine, aliandika: maji ya kunyweshea ng'ombe yako mbali. Nilicheka peke yangu. Asiye na ng'ombe anamnywesha nani?

Nikampelekea mkuu wangu. "Mali bila daftari huisha bila habari," alisema bila kuinua kichwa. Methali hiyo aliitumia hata kwa sukari ya chai. Kisha akaongeza kwamba asiye na ng'ombe kwenye fomu hapangiwi chanjo. Hapo kicheko kikaniisha. Homa ya mapafu ilikuwa imeanza kuua mifugo upande wa Igunga, na dawa ingegawiwa kwa kufuata majibu yale yale.

Bwana mifugo alipokwenda huko, nikamwomba anichukue kwenye gari la ofisi. Tulikuta zizi la yule mjane limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ng'ombe hawa ni wa nani?"

"Siyo wangu," alijibu haraka.

Walikuwa wa rafiki wa marehemu mumewe, mzee aliyekaa kijiji cha mbali. Huko ni desturi mwenye ng'ombe wengi kuwaweka kwa watu anaowaamini. Anayewekewa huwatunza na kunywa maziwa yao, na siku njema hupewa ndama. "Nikisema mbele ya serikali ni wangu, mwenyewe akasikia, atawaondoa," alisema. "Watoto hawa watakunywa nini?"

Bwana mifugo akakumbuka kwamba yule mzee naye alitaja wale wa nyumbani kwake tu. Kwa hiyo ng'ombe hawa, wenye pembe na kwato, kwenye karatasi zetu hawakuwapo. Nasema kweli, nilisisimka, ingawa haikuwa siku ya kufurahi. Nilitaka kujua swali gani lingewaona.

Nikaketi na yule mama, nikajaribu. Unafuga wangapi? Akasita. Unachunga wangapi? Akasema mwanawe huwachunga pamoja na wa majirani. Usiku, wanaolala kwenye zizi hili ni wangapi? Akajibu papo hapo, akiwataja mmoja mmoja kwa rangi yake.

Mkuu wangu hakupenda. Fomu bila mwenye mali aliiona kama barua bila anwani. Nikamwambia sindano haimchomi mwenye mali, inamchoma ng'ombe. Alikuna kidevu siku nzima, jioni akanipa stensili mpya.

Siku ya chanjo nilikwenda tena. Mwenye ng'ombe alikuwa ametutangulia, mzee mrefu, amesimama na fimbo yake mlangoni pa zizi. Alikuwa amesikia kwamba ng'ombe wake wameandikwa kwa mjane. Yule mama alitazama chini, na mimi niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu.

"Nisomee hiyo karatasi," mzee aliniambia.

Nikamsomea: ng'ombe wanaolala kwenye zizi hili.

"Mwenyewe hakuandikwa?"

"Hakuulizwa, baba."

Mzee akaanza kuondoa magogo ya mlango, moja baada ya jingine, na hatukujua kama anawatolea sindano au anaondoka nao. Bwana mifugo alisubiri na bomba lake la sindano mkononi. Dume jeusi likatangulia kutoka. Mzee akanyoosha mkono kulishika pembe. Likakoroma, likainamisha kichwa kutaka kumpiga, naye akaruka nyuma.

"Mama," aliita, akihema, "njoo umshike wewe achanjwe. Mimi hanijui."