Tunakuzika kwa Sababu Umekufa

Jumatano, tarehe kumi na tisa Novemba. Asubuhi mawingu yalisimama upande wa ziwa, tukasema leo inanyesha. Saa nne yakaondoka bila kuaga. Mchana jua kali, vumbi. Saa tisa tumemzika Masanja.

Nilikaa niandike habari za mazishi, kama ninavyoandika kila siku mambo ya kanisa, lakini kalamu inarudi nyuma, inarudi Tinde, kijijini kwetu. Basi acha irudi. Nyie wa rika langu mliokulia vijiji vile, mkiwahi kuyasoma haya mtanielewa. Wengine watanisamehe. Mimi ni wa darasa la saba na miaka miwili ya chuo cha Biblia, sina maneno makubwa.

Enzi zetu mtoto hakununuliwa cha kuchezea. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo na kuwapachika miiba iwe pembe, tukawa matajiri kabla ya kunyoa ndevu. Mpira tulisokota kwa pamba, na mzazi akikukamata na mpira wa pamba safi unachapwa, maana pamba ile ndiyo daftari lako la mwakani. Asubuhi unatia michembe mfukoni, vile viazi vikavu vigumu kama kokoto. Unamumunya kipande kimoja kutoka nyumbani, kikilainika umeshafika shule. Jioni kombolela, hadi mama zetu waite majina yetu mara tatu. Mara ya nne hawaiti, wanakuja na fimbo.

Kanisa letu lilikuwa la udongo, na kengele yake rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Ukiigonga na nondo, wachungaji wa ng'ombe ng'ambo ya mbuga wanajua ni Jumapili. Watu walitoa sadaka ya walichonacho, yai, viazi, kuku. Nakumbuka kuku mmoja wa sadaka alitaga chini ya benchi katikati ya mahubiri, akapiga kelele kanisa zima likageuka. Baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwinjilisti pale, akasema, "Huyo ametoa mara mbili. Wengine mmeona?" Akaendelea na mahubiri.

Mchezo wetu mkubwa, mimi na Masanja, ulikuwa kuzika. Niliiba kitabu cha ibada cha baba, tukasoma ukurasa wa maziko nyuma ya zizi hadi Masanja akaushika wote kichwani. Tulizika tetere, tulizika mjusi, tulizika panzi ndani ya sanduku la kiberiti. Masanja ndiye mchungaji siku zote. Mimi nilikuwa mwombolezaji, na kwaya, na mchimba kaburi. Niliutaka uchungaji, lakini kwa haki yeye alistahili. Mimi nikifika katikati nilikuwa nasahau, nabaki mdomo wazi.

Kitabuni palikuwa na mahali pa kusema kwamba huyu tunamzika kwa kuwa alibatizwa na alidumu katika imani. Siku ya kwanza tulipofika hapo tukakwama, maana tetere hakubatizwa. Masanja akafikiri, akasema, "Tunakuzika kwa sababu umekufa." Kisha akaendelea, mavumbi kwa mavumbi. Tangu siku ile ikawa hivyo kwa kila mfu wetu.

Kideri kilipopita na kuua kuku wa kijiji, sisi tulikuwa na kazi kuliko mganga wa mifugo. Tulizika kuku tisa kwa ibada moja. Jioni mama akauliza jogoo wake mwekundu yuko wapi, yule aliyemchinja asubuhi na kumweka kwenye ungo ili akachote maji amrudie. Tulikuwa tumemzika naye. "Nendeni mkafukue kitoweo changu," alisema mama, na Masanja akauliza kwa heshima kabisa kama kuna ibada ya kufukua. Tulikula tukitafuna mchanga.

Sasa vijana wa leo, kifaranga kikifa kinatupwa jalalani na mtu anarudi kwenye simu yake. Biblia imo humo humo kwenye simu, na katikati ya Zaburi unaingia ujumbe, mtu anacheka. Sisemi wamekosa. Nasema tu sisi panzi tulimvulia kofia.

Halafu Mama Masanja akafa. Mumewe alikuwa amekufa zamani, na mwaka mmoja wa njaa, akiwa na watoto watatu, alikubali kuwa mke wa pili kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe. Kanisa likamtenga. Baba ndiye aliyesoma jina lake mbele ya watu. Niseme na haya pia, ili nisimwonee baba: miezi ile yote mimi ndiye niliyetumwa na baba kumpelekea mama yule mtama, na niliambiwa nisiseme umetoka kwa nani. Lakini alikufa bado ametengwa, na sheria ilikuwa hivyo na iko hivyo hadi leo. Aliyetengwa hagongewi kengele, hasomewi maneno. Mchungaji akija, anakuja kama jirani, na maombi yanayofanyika ni ya wafiwa, si ya marehemu.

Baba alikwenda na shati lake la shamba. Alikaa na wanaume, kitabu alikiacha nyumbani. Jeneza lilipoteremka pakawa na ukimya, ule ukimya wa mahali ambapo maneno yangekuwepo. Masanja akatoka katikati ya wanawake. Alikuwa na miaka tisa, kaptula ya shule, miguu mikavu. Akasimama kichwani pa kaburi na kuanza, kwa sauti ile ile ya kwenye tetere. Aliyasema yote. Alipofika mahali pale akasema, "Mama, tunakuzika kwa sababu umekufa." Hakuna aliyemzuia. Baba alitazama udongo.

Nyumbani baba alinichapa, maana alijua maneno yale yalitoka wapi. Fimbo tatu, wala hazikuwa za nguvu. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Aliyasema yote?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuruka hata moja?"

"Hapana, baba."

"Haya," akasema. Na hatukuzungumza tena habari hiyo hadi baba naye alipozikwa.

Maisha yakatutawanya. Mimi nililima pamba, baadaye nikasomea uchungaji, nikapangiwa ushirika huu karibu na Katoro. Siku moja sokoni, katikati ya pikipiki na makelele, nikasikia mtu anaita, "Mwombolezaji wangu!" Alikuwa Masanja, mwili wote vumbi la mawe. Alikuwa ameifuata dhahabu miaka zaidi ya ishirini, anaingia maduara, yaani yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba. Alianza kuja kanisani na mkewe, Mama Shija. Akaimba besi kwenye kwaya. Mbele za watu aliniita mchungaji, tukiwa wawili aliniita mwombolezaji.

Mwezi wa nne alikuja mwenyewe kunieleza. Walikuwa wanafungua duara jipya, wenzake wakamleta mganga, mbuzi akachinjwa pale mdomoni pa shimo, na kila anayeshuka akaoshwa dawa. Asiyeoshwa hashuki, maana wanasema atawafukuzia mali. Masanja alipanga foleni akaoshwa. Hakuna aliyemwona wa kanisani. Angenyamaza nisingejua.

"Nimekuja kukwambia kabla hujasikia," alisema. "Watoto wanataka kula, mwombolezaji. Lakini uongo sitaki."

Niliandika jina lake kwenye daftari la waliotengwa kwa mkono huu. Kurudi kundini kulikuwa rahisi, aje atubu mbele ya ushirika. Hakuja. Miezi saba tulisalimiana njiani kwa mbali.

Alhamisi iliyopita alikuja. Nilikuwa kanisani na kamati ya kwaya, tunabishana sare mpya iwe bluu au zambarau, na mabishano yalikuwa makali, watu wazima wanataka kununiana kwa ajili ya kitenge. Masanja alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mchungaji, una nafasi kidogo?"

"Njoo Jumapili baada ya ibada, tutaongea vizuri."

"Haya. Jumapili," akasema, akavaa kofia.

Jumapili hakutokea, alikuwa zamu. Mchana ule duara lilititia. Wenzake walichimba kwa mikono hadi Jumatatu jioni ndipo wakamtoa.

Jana wazee wa kanisa walikaa. Mwenyekiti wao, Mzee Lubinza, si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke.

"Mchungaji, Alhamisi alikuja kutubu?" aliniuliza.

"Alikuja."

"Sikuuliza kama alikuja."

Labda alikuja kutubu. Labda alikuja kuazima baiskeli yangu, aliwahi kuiazima mara mbili. Aliita mchungaji, hakuita mwombolezaji, lakini pale palikuwa na watu. Nimeipindua sauti yake kila upande, haina jibu. Neno moja tu, "ndiyo," na Masanja angezikwa kwa kengele. Wazee wote walikuwa wananitazama, na nadhani walilitaka neno hilo kuliko mimi.

"Sijui," nikasema. "Nilimwambia arudi Jumapili."

Mzee Lubinza akashusha pumzi. "Mguu wangu ulipovunjika ni yule aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati. Usidhani silii. Lakini mwaka jana mtoto wa Mama Nkwimba tulimnyima maziko kwa kosa hili hili, la kuoshwa. Yule mama anakuja kanisani kila Jumapili, anakaa benchi la tatu. Tutamwambia nini? Kwamba mwanawe hakuwa rafiki wa mchungaji?"

Nikarudi nyumbani na swali hilo, ninalo hata sasa.

Leo nilikwenda na shati la kawaida. Joho nililiacha msumarini, na kitabu nikakiacha. Njiani ndipo nilipojiona nimevaa kama baba. Mama Shija alinishika mkono pale msibani, akaniuliza, "Shemeji, alikwambia nini Alhamisi?" Nikamwambia hakuwahi kusema. Akatikisa kichwa taratibu. "Aliamka akaoga mapema siku ile," akasema, "nikajua anakuja kwako." Mtu huoga kwa mambo mengi. Lakini alisema hivyo, nami naandika alivyosema.

Vijana walijaa na pikipiki zao. Mmoja alipanda juu ya kifusi cha udongo wa kaburi ili apige picha vizuri, nikakasirika moyoni. Kisha nikakumbuka ni hao hao waliolichimba kaburi tangu alfajiri kwenye ardhi ngumu, na ndio waliomtoa shimoni, kucha zao zimetoka. Mzee Lubinza aliwaombea wafiwa, aliomba vizuri. Jeneza likateremka. Ukaja ukimya ule ule wa Tinde, niliutambua kama mtu wa kwetu.

Mama Nkwimba alinisogelea kutoka upande wa wanawake, kanga ya kichwa kaishika kwa meno, akaitoa.

"Mchungaji."

"Naam, mama."

"Kama umenyamaza kwa ajili ya mwanangu, usinyamaze kwa ajili yake. Mwanangu hatapungukiwa kitu. Msemee mwenzako maneno ya maziko."

Nilifungua mdomo. Nimeyasema maneno yale juu ya watu ambao sikuwajua hata sura. Nilimtazama Mzee Lubinza, naye ameinamisha macho chini. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Au pengine jua lilikuwa linamwumiza, sijui. Nilitaka kwanza niwe na uhakika. Nilitafuta mwanzo wa maneno, nikaona neno lile la tetere ndilo linalokuja, na nikaona aibu, mtu mzima, mchungaji, niseme la tetere mbele za watu. Nikabaki hivyo, mdomo wazi.

Kijana mwenye koleo akaniuliza kwa adabu, "Tufukie, mchungaji?"

"Fukieni," nikasema.

Hilo ndilo neno nililolisema juu ya kaburi la Masanja. Walifukia haraka, ni hodari. Mama Nkwimba alirudi mahali pake bila kunitazama, na hakuwa na hasira, ilikuwa afadhali angekuwa nayo.

Enzi zile tulikuwa na kanisa la udongo na rimu ya lori, na mtoto wa miaka tisa alisimama akamzika mama yake mbele ya wanaume wazima. Leo tuna bati jipya, vipaza sauti, kinanda, na sare za kwaya ambazo mwishowe zitakuwa zambarau. Mchungaji ana cheti ukutani. Na mtu aliyemzika kila panzi wa Tinde ameteremka bila neno. Sisemi sheria ni mbaya. Inawezekana nilitii. Inawezekana niliogopa, nikauita woga kutii. Baba angejua kunipima, fimbo tatu au zaidi.

Jioni watoto walikaa mkekani, mke wangu, Mama Neema, akaleta chakula, akaniambia, "Baba Neema, tuombee." Nikaomba. Nilishukuru kwa mvua ambayo haijanyesha, nikawataja wakulima, wagonjwa na wasafiri, sikukwama hata mara moja, hadi mdogo akafumbua macho kuangalia kama ugali unapoa. Tulikula ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde ya kwetu, yaliyoungwa karanga.