Akordeoni Iliyopanda Ndege Nyingine

Niliporudi kutoka ziara ya Ulaya, mama yangu hakuniuliza nilikula nini wala baridi ya huko ilikuwaje. Alitazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu mlangoni, kisha akaniangalia usoni.

"Iko wapi?"

"Inakuya, Mama. Imebakia nyuma kidogo."

"Muzigo haina miguu," akasema, akarudi jikoni kwake. Chai aliyonimiminia siku hiyo haikuwa na sukari, na sidhani kama alisahau.

Nieleze kwanza kwa nini swali lile lilinikata maini. Mama alikuwa mchukuzi pale Petite Barrière kwa zaidi ya miaka ishirini. Pale ndipo watu wa Gisenyi na watu wa Goma wanapovukia mpaka kwa miguu, tangu geti lifunguliwe asubuhi, kila mmoja na kitu chake kichwani. Mama alivusha vitunguu, unga, magodoro, marobota ya vitenge, na mara moja kiti cha daktari wa meno. Wafanyabiashara walimkabidhi mali na kwenda zao kunywa chai, maana walijua wakirudi wataikuta. Wachukuzi wengine walipotezapoteza, ni binadamu. Yeye hakupoteza hata kitunguu, na alikuwa akilitaja jambo hilo mbele ya wageni bila aibu yoyote.

Akordeoni yangu pia ilipita pale. Aliinunua Goma kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa anaacha muziki, nikiwa na miaka kumi na tisa na sina hamu ya kitu kingine duniani. Ni nyeusi, ya vitufe vya piano, na imekuwa nzito tangu siku ya kwanza. Nilinyoosha mikono niibebe, akanipiga kofi la vidole. Akakunja kitenge kuwa kata, akaiweka, sanduku na vyote, kichwani, akavuka mpaka akiwa amenyooka wima, na mimi nyuma yake nikimezea mate mgongo wa sanduku. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipoitwa kupiga harusini, yeye ndiye aliyenibebea. Aliacha pale tu shingo yenyewe ilipomwambia basi.

Basi fikiria mimi, mtoto wa mwanamke huyo, niende kuipoteza.

Bendi yetu ni ya watu watano. Tunapiga kwenye hoteli moja ya ziwani mwisho wa juma, na mazoezi tunafanyia mtaa wa Nengo, kwenye gereji ya mpiga gitaa wetu. Tulialikwa kwenye matamasha matatu, na nusu ya mji ilitusindikiza kwa maneno. Kule uwanja wa ndege Kigali wakaniambia sanduku ni kubwa, haliingii ndani na abiria, niliweke chini pamoja na masanduku ya nguo. Nikaliweka. Tulibadilisha ndege mji mmoja, tukafika mji mwingine, tukasimama kungoja mizigo. Gitaa likatoka. Ngoma zikatoka. Begi la mpiga besi likatoka na ndizi zake kavu zote salama. Nilisimama pale hadi mkanda ule ukasimama wenyewe.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa hawajaona kampuni ya ndege, lakini waliijua. Kila dirisha nililokwenda nilipewa tabasamu na fomu. Tuliazimwa akordeoni nyingine, nzuri mno, inang'aa, haina hata kitufe kimoja kinachokwama. Nilipiga matamasha yote matatu nayo na watu walisimama kushangilia. Sikufurahi hata dakika moja, na nasema hivyo bila kujifanya.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Mama aliketi mbele yangu na kuanza kunihoji kama afisa wa forodha.

"Ulimupatia nani?"

"Hakuna mutu, Mama. Unaweka sanduku ku mukanda ya mupira, inaenda yenyewe."

"Ku mupira."

"Eh."

"Na mutu mwenye aliibeba kule mbele, sura yake hukuiona?"

"Hakukuwa mutu. Kuko tu tundu, inaingia."

Kwenye kazi yao mchukuzi hapewi mzigo kabla mwenye mali hajamtazama usoni, na mchukuzi naye hauachi kabla hajaona sura ya anayeupokea. Ni sheria isiyoandikwa, na kila mtu pale mpakani anaijua, hata walevi.

"Yewe," akasema. "Donc akordeoni yangu ulipatia tundu."

Wiki tatu zilipita. Nilimpigia simu kila mtu mwenye namba. Kisha asubuhi moja wakanipigia wao: sanduku limepatikana, lipo stoo ya mizigo Kigali, nije na kitambulisho. Niliruka uani kama mwendawazimu. Mama hakuruka. Alikwenda kuvaa kitenge chake cha safari, akachukua na kingine kidogo, akasema tunaenda wote. Nilimwambia njia ni ndefu na shingo yake inamsumbua. Alikuwa ameshafika barabarani.

Stoo ile ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini. Afisa wake alikuwa dada wa makamo aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka na adabu nyingi. Sanduku letu alikuwa ameliweka juu ya meza, jeusi, limezungushwa nailoni ngumu tabaka kwa tabaka hata umbo lake halionekani vizuri. Lebo ilikuwa na jina langu, na namba ililingana na ya kwangu tarakimu kwa tarakimu. Nusura nilie.

"Weka saini hapa, kaka, halafu ni lako," akasema. "Nailoni utaikata ukishasaini. Ndio utaratibu, na ukishasaini faili linafungwa."

Nilishika kalamu. Mama alikuwa ameshakunja kile kitenge kidogo kuwa kata. Kabla sijaandika herufi ya kwanza, alilinyanyua sanduku kwa pumzi moja, akaliweka kichwani. Afisa akasema, "Mama, samahani, hairuhusiwi," lakini Mama alikuwa tayari anatembea. Alikwenda hatua kama sita, akageuka, akarudi. Akalishusha.

"Ii haiko ya kwetu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia aangalie lebo, jina ni langu, namba ni yangu.

"Jina njo yako. Muzigo hapana. Ya kwetu inavutaka kichwa kushoto. Ii inakaa katikati, tena iko nyepesi."

Nikageuka kumwomba radhi yule afisa. Nilisema, kwa Kiswahili changu kizuri cha kuonea watu, kwamba mama yangu ni mtu mzima na amechoka na safari. Hilo nalikumbuka vizuri na sijajisamehe. Nikashika kalamu tena. Mama akaikalia akordeoni. Alilishusha sanduku sakafuni, akakaa juu yake, akakunja miguu, akasema saini haitawekwa hapa mpaka nailoni ikatwe, na kama utaratibu hauruhusu, basi utaratibu uje umnyanyue.

Haki yake nimpe yule afisa. Angeweza kuita askari. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi na kisu.

Tuliikata nailoni wote watatu. Kifuniko kilipofunguka tukaona akordeoni nyekundu, ndogo, ya vitufe vya mviringo, imelazwa juu ya fulana ya sufi kama mtoto. Haikuwa yangu hata kidogo. Afisa aliketi kitini. Alisema lazima lebo ziling'oka njiani zikabandikwa upya kimakosa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mimi nilihisi mambo mawili kwa pamoja: fahari, na aibu ya kutotaka kumtazama mama yangu.

"Sasa hii tutaiweka kwenye rafu ya mizigo isiyo na mwenyewe," afisa akasema, "na ya kwenu tutaendelea kuitafuta."

"Hapana, mutoto yangu," Mama akasema, kwa upole sasa. "Mizigo ikibadilishana, hautafuti ya kwako. Unatafuta mwenyewe wa ile iko mu mukono yako. Ule njo iko na ya kwako."

Akaeleza kwamba mpakani magunia hubadilishana kila siku ya Mungu. Mjinga hukimbia huku na huko akiulizia gunia lake. Mwenye akili husimama na gunia la mwenzake mahali anapoonekana.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na kadi yenye jina na anwani ya barua pepe, kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Nilikumbuka mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyesimama mbele yetu kwenye foleni kule tulikobadilishia ndege, amekumbatia sanduku jeusi na hataki kuliachia. Niliandika pale pale, kwa simu, afisa akinisaidia Kiingereza.

Jibu lilikuja kesho yake. Mzee yule naye alikuwa ameitwa kwao, akaoneshwa jina lake kwenye lebo, akaweka saini kwa furaha, akafika nyumbani na kukuta kitu kikubwa cheusi kisicho chake. Aliporudi kulalamika aliambiwa faili limefungwa. Alituma picha. Akordeoni yangu ilikuwa juu ya meza yake ya kulia chakula, amekunjua mivukuto kidogo ili isigandane, na ameifunika blanketi kwa sababu aliona, aliandika hivyo, kwamba imetoka kwenye joto. Nilimsomea Mama. Alisema huyo ni mutu. Kwake hiyo ni sifa ya juu kabisa, na hajanipa mimi mara nyingi.

Ilichukua wiki nyingine mbili kwa masanduku mawili kupishana angani. Tulipoitwa tena, nilimwambia Mama hakuna haja ya kwenda wote, picha tumeiona. Alisema picha haina uzito. Tukapanda basi.

Stoo ilikuwa ile ile, afisa yule yule, na nailoni mpya tabaka kwa tabaka. Lakini safari hii fomu ilikuwa imewekwa pembeni na kalamu juu yake. Wafanyakazi wawili niliokuwa sijawahi kuwaona walikuwa wamesimama mlangoni, na hawakuwa na kazi yoyote pale.

"Mama, karibu," afisa akasema. "Anza wewe."

Mama akakunja kata yake taratibu. Shingo ilimuuma, niliona alivyouma meno wakati wa kunyanyua, nikasogea kumsaidia, akanikatalia kwa jicho. Alitembea hadi mwisho wa rafu, polepole, kichwa kikivutika kidogo kushoto na yeye akikirudisha katikati. Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono yote miwili ilikuwa juu, kwa hiyo hakuyafuta.

"Njo yenyewe," akasema.

Hakulishusha. Afisa alimsogelea akamuuliza jambo ambalo mimi, mwanawe, sikuwahi kufikiria kuuliza: amejitwisha maelfu ya mizigo maisha yake yote, amewezaje kukumbuka uzito wa mmoja?

"Ile ingine yote nilibebea batu," Mama akasema. "Ii njo moja tu nilibeba ya kwangu."

Nikaweka saini.