Mashati Yasiyo na Mwenyewe

Watu wanasema Muhindi anazaliwa na duka mukononi. Uongo. Mimi nilimuona mumoja alivyolitafuta duka lake mpaka akavua shati, na sisemi hivi kwa mapambo, alivua kweli, mbele ya watu, mchana. Nilikuwa pale pale, nyuma ya mashini ya kushona.

Ilikuwa hapa Kindu, wakati wa Wabeleji, baada ya ile vita yao ya pili. Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Kusoma nilisoma kidogo sana. Padri alinifundisha kuandika jina langu, kisha baba akanitoa, akanipeleka kwa fundi mumoja aliyetoka Kasongo, muungwana wa kofia na tasbihi, yeye njo aliyenifundisha kukata kitambaa bila kuchora kwanza. Huyu fundi hakupenda kelele. Ukimuuliza kitu alikuonyesha kwa makasi. Lakini habari yake nitaiacha, maana nikianza kwake tutafika kwa Muhindi kesho.

Basi, huyu kijana wa Kihindi alikuja kutoka Ujiji, akavuka ziwa kwa meli, akapanda treni mpaka reli inapoishia, na reli inaishia hapa kwetu. Alikuja kumufanyia kazi baba yake mudogo, mwenye duka kubwa karibu na bichi, pale bandarini masuwa yanapofunga. Baba mudogo alikuwa mutu munene, wa heshima, anapima kitambaa kwa mukono wake mwenyewe na ule mukono, sijui kwa nini, ulikuwa unafupika wateja wakiwa wengi. Kijana alikaa nyuma ya meza ya baba mudogo, akapima, akakunja, akapima tena. Alikuwa mwembamba, ndevu bado hazijakubali kuota. Siku moja akasema anataka duka lake.

Sasa, kutaka ni kitu kimoja. Ku mutaa wa Wazungu, Muhindi hakuruhusiwa kujenga. Ku site, kwetu sisi weusi, vilevile hakuruhusiwa. Wazungu walimuona mweusi kidogo, sisi tulimuona mweupe kidogo. Katikati kulikuwa kipande cha njia kinachotoka gara ya treni, chenye matope, na serikali ilisema pale Wahindi na Wareno wafanye biashara yao. Akapata chumba pale, na baraza ya mabati. Vitambaa hakuwa navyo. Watu wa kuuza kwa jumla hawakumujua, walimujua baba yake mudogo. Kwa hiyo akarudi kule kule alikotoka, akaomba.

Baba mudogo alisema naye mbele yangu, maana siku zile nilikuwa nashona ku baraza ya duka lake, kwa Kiswahili chao cha Ujiji, ili na mimi nisikie:

"Chukua vitambaa. Chukua mashini. Chukua na huyu fundi, anakula sana. Idi ikifika na mali yangu bado iko kwako, haijauzwa, unafunga mlango, unarudi nyuma ya meza hii, unakaa hapo mpaka uote mvi. Na neno duka lako sitaki kulisikia tena."

"Sawa, baba mudogo," kijana akasema.

"Usiseme sawa. Umeiona ile meza?"

"Nimeiona."

"Basi."

Fikira ya kijana haikuwa mbaya. Wafanyakazi wa reli walikuwa wanafika jioni na treni ya mizigo, asubuhi wanaondoka. Watu wa machimbo ya Kalima walikuwa wanakuja na mushahara wao, wanarudi na lori ya kwanza. Hawa wote hawakuwa na nafasi ya kungoja fundi. Maana kwetu, ukitaka shati, unanunua kitambaa, unampa fundi, unakaa ku baraza, unamuangalia toka makasi ya kwanza mpaka kifungo cha mwisho. Unakaa sababu unataka mazungumuzo, na sababu unajua mafundi na vipande vinavyobaki. Kijana akasema: tutashona mashati kabla muntu hajaja. Atakuja, atavaa, atakwenda.

"Kwa kipimo cha nani, patro?" nikamuuliza, maana sasa yeye njo bwana wa kazi.

"Cha watu."

Watu hawakuwepo. Nikachukua kipimo mwilini mwake, sababu njo mwili uliokuwa karibu. Nikashona mengi. Kisha nikakata mengine makubwa, nikikumbuka kwa kichwa kapita wa bichi, musimamizi wa wabeba mizigo, ambaye alikuwa anakula vizuri. Yalipokwisha, kijana akafunga kamba toka nguzo mpaka nguzo, akayatundika yote kwa vijiti, mikono imenyooka. Upepo wa mutoni ukija, yanapunga.

Nilitaka kusema kitu. Lakini yeye alikuwa anafurahi, na mimi nilikuwa na njaa, nikaenda kula.

Wewe ambaye si wa hapa nikueleze. Kwetu muntu akikufa, siku ya kuondoa matanga nguo zake zinatolewa nje, zinatundikwa ku kamba kiwanjani, ndugu wanakuja wanachagua. Huyu anachukua koti, yule patalo. Nguo inayoning'inia ku kamba, kavu, safi, bila mwenyewe kuwa karibu, njo nguo ya marehemu. Nguo ya muzima inatundikwa imelowa, imetoka kufuliwa. Hii hata mutoto anajua.

Siku ya kwanza watu walipita upande wa pili wa njia, kwenye matope zaidi. Siku iliyofuata akaja mama mumoja muzee, muuza samaki wa kukausha, mwenye kusikia haraka na kusema haraka zaidi. Akaacha ungo wake chini, akavua ndala, akakaa ku mukeka.

"Pole, mwanangu," akamuambia kijana.

Kijana alikuwa amefundishwa na baba mudogo kutopingana na muteja. "Asante, mama. Karibu."

"Alikuwa mutu mukubwa."

"Ndiyo, mama," akasema kijana, akifikiri anasifu duka.

"Mashati yote haya ya yeye mumoja?"

"Yote, mama. Mazuri, siyo?"

Mama akatikisa kichwa, akatoa samaki moja kubwa kwenye ungo, akamuachia, akaenda. Kijana akaniangalia.

"Fundi, umeona? Muteja wa kwanza."

Mbele ya jua kuzama, Kindu yote ilijua kwamba baba ya yule Muhindi amekufa huko kwao, na kwamba alikuwa tajiri. Watu wakaanza kuja. Walikaa ku baraza, ku ngazi, kwa utaratibu kabisa, wanaume huku, wanawake huku. Walileta ndizi, walileta mihogo. Karani mumoja wa reli, Mukasai, Mukristo, alikuja na viatu vyake vya Jumapili akaomba sala fupi, sote tukasema amina, na kijana akasema amina, maana ni mutu wa adabu. Hakuna aliyenunua hata kifungo. Ningekuwa muongo nikisema tulikula vibaya.

"Fundi," akaniuliza, "watu hawa wananunua lini?"

Njo nikamueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya robota ya kitambaa. Uso ulimugeuka.

"Baba yangu yuko muzima! Yuko Ujiji, anauza mafuta ya taa!"

"Uwaambie basi."

Akatoka ku baraza, akapaza sauti: "Ndugu zangu! Baba yangu hajafa!"

Muzee mumoja akamujibu polepole, kama muntu anayemushika mugonjwa mukono: "Ndiyo, mwanangu. Hakuna baba anayekufa kabisa." Wanawake wakaanza kulia upya. Mashati yakapunga.

Idi ilikuwa inakaribia. Kila siku baba mudogo alikuwa anatuma muntu kupita, eti kuuliza kama tuna uzi mweusi. Tulikuwa na uzi mweusi. Alikuwa anaangalia kamba. Kijana aliacha kula zile ndizi. Akaniambia usiku wote anaiona ile meza, na kwamba kwenye mbao yake kuna alama pale viwiko vya baba mudogo vinapokaa, na viwiko vyake yeye vinaingia sawasawa mule ndani.

Kwa hasira, asubuhi moja, akavuta shati moja toka kamba, akalivaa, akakaa ku kiti mbele ya mulango. Alitaka watu waone ni kipimo chake yeye, siyo cha baba yake. Akatoka jasho ndani yake, maana mabati yale yalikuwa yanachoma. Akamwaga chai kidogo ku mukono. Mchana akapita mutu wa kutia kuni ku treni, shati lake limetobolewa na cheche mpaka limekuwa kama chujio.

"Patro, iko na shati?"

"Iko mingi. Chagua."

Yule mutu akaangalia kamba kama muntu anavyomuangalia mbwa asiyemujua. "Hizi hapana. Nataka ile unavaa."

"Ni sawasawa! Kitambaa kimoja, fundi mumoja."

"Ile ya kamba ni ya nani?"

"Ya yule atakayenunua."

"Na mbele ya kununua, ilikuwa ya nani?"

Treni ikapiga firimbi. Kijana akavua shati, akampa, akabaki na singileti. Mutu wa kuni akalivaa lingali na joto, akanusa mukono. "Hii ni ya muzima," akasema, akalipa, akakimbia.

Kijana akaenda ku kamba, akavaa lingine, akakaa tena ku kiti.

Hivyo njo tuliuza. Watu wa treni wakaambiana. Wanakuja, wanamuona ndani ya shati, anainua mukono, anainama, anakohoa kidogo ili waone kifua kinatembea, wanasema "lete", anavua. Watu wa Kalima wakaja. Karani wa Kasai alirudi, akanunua, akaomba radhi kwa ile sala. Tatizo dogo lilikuwa kwamba kijana alikuwa mwembamba, mabega ya kuku. Siku hizo ungesimama gara ungeona wanaume wa reli wanatembea na mikono nje kidogo ya mwili, kama watu waliobeba ndoo mbili, na hakuna aliyelalamika.

Yale ya mwili wa kuku yakaisha. Yakabaki yale makubwa. Kijana akavaa moja, akapotea ndani. Watu wakamuangalia, wakacheka.

"Patro, hii si yako. Hii ya baba yako kweli."

Akajaza singileti kwa vitambaa vilivyobaki, akapata tumbo. Tumbo likateleza upande. Idi ilikuwa keshokutwa.

Njo siku ile baba mudogo akaja mwenyewe, kwa miguu toka bichi, na kufuli mukononi. Mvua ilimukuta njiani, zile mvua zetu ambazo hazianzi kwa kutonyatonya. Akaingia ku baraza amelowa mpaka mifupa, na baraza ilikuwa imejaa watu waliokimbia mvua, na ndani yao yule kapita wa bichi.

Kijana hakusema juu ya kufuli. Akasema: "Baba mudogo, utaugua," akatoa shati kubwa toka kamba. Muzee akavaa, akitetemeka. Likamukaa. Mabega sawa, tumbo sawa, mukono unafika pale mukono unapoisha. Mimi nilikuwa natia uzi. Lile lake lililolowa nikalitundika ku kamba, upande.

Akakaa ku kiti, kufuli juu ya magoti, akaanza: "Nilikuambia nini juu ya Idi?"

"Muzee," kapita akamukata, "hiyo unavaa, unauza?"

Baba mudogo alikuwa mufanyabiashara toka tumbo la mama yake. Bei ilimutoka mudomoni mbele ya fikira. Kapita akaomba apunguze, wakazozana vizuri, mpaka wote wawili wakapata nguvu. Akavua. Baridi. Kijana alikuwa amesimama tayari na lingine. Muuza nyama akalitaka lile. Akavua, akavaa. Mvua ilipoisha kamba ilikuwa tupu, isipokuwa lile lililolowa, na baba mudogo alikuwa amekaa na singileti mbele ya Kindu yote, anapumua.

Akaangalia kamba. Akaangalia kufuli kama muntu aliyeokota kitu cha mwenzake. Akaniambia mimi, siyo kijana:

"Fundi, yale makubwa, utakata mengine lini?"

Habari ya meza sikuisikia tena. Nilikaa na yule kijana ku ile baraza mpaka Wabeleji wakaondoka, na baba mudogo alikuwa anapita alasiri nyingi, eti kuuliza uzi, anakaa ku kiti.

Lakini siku ile ya mvua ilikuwa bado haijaisha. Yule mama wa samaki akapita, akaona shati moja kubwa, la zamani, linaning'inia peke yake ku kamba. Akasimama, akaweka ungo chini.

"Pole, jamani. Na hii ya nani?"

"Yangu!" akapaza sauti baba mudogo. "Mimi ni mzima!"

Mama akamuangalia toka kichwa mpaka miguu, singileti na yote. Akaenda ku kamba, akakamua mukono wa shati, maji yakatoka.

"Mume wangu njo mwili huu huu," akasema. "Kiasi gani?"