Misiba Saba Kabla ya Saa Nane

Meli ya watalii ilitia nanga mbele ya Kilwa Masoko asubuhi na mapema. Ilipotimu saa tatu, Wazungu walishushwa kwa boti kwenda Kisiwani kutazama magofu, na Bashiru, dobi wa meli hiyo, akapewa ruhusa hadi saa nane. Magofu hakuwa na haja nayo. Alikuwa na mama yake, Bi Maimuna, nyuma ya soko, na mwaka wa nne huu hajamtia machoni. Huko baharini aliota jambo moja tu: kukaa naye barazani, hata wasipozungumza.

Alimkuta amekwisha kujifunga kanga za kutokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama mpaka akatosheka. Kisha akavaa ndala. "Twende tukahani. Misiba saba imepita hujaonekana."

Hapo Bashiru alikasirika, tena waziwazi. Desturi aliijua: aliyerudi safari hanyooshi miguu kwao kabla hajazizungukia nyumba zilizofiwa akatoa pole, hata kama marehemu ana miaka mitatu kaburini. Lakini jamani, desturi hiyo iliwekwa na watu wanaorudi kukaa.

"Nimekuja kukuona wewe, mama."

"Si unaniona? Twende."

Wakaenda. Kwa Bi Hamida, aliyefiwa na mumewe, walikaa mkekani, wakasoma Fatiha, wakasimuliwa ugonjwa tangu homa ya kwanza hadi pumzi ya mwisho. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu waliambiwa wangoje, mwenyewe yuko sokoni, anaitwa. Bashiru akawa anachungulia saa kwa wizi. Mama akamwona, akamfinya paja kama mtoto wa madrasa. Na ndevu zake zote zile.

Walipotoka nyumba ya sita, uvumilivu ulimwishia. "Saa saba hii. Mimi na wewe peke yetu tumekaa muda gani?"

Bi Maimuna akasimama penye kivuli cha ukuta. Alikuwa anahema. Ndipo Bashiru alipoona jinsi mama yake alivyopungua, na mabega yalivyoingia ndani.

"Siku yangu ikifika, Bashiru, wewe utakuwa baharini. Watakaoninyanyua ni hawa hawa. Sasa waje kwangu kwa uso gani, ikiwa wewe kwao hukufika?"

Bashiru aliona aibu. Akampa mama mkono aushike, wakaenda polepole.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Mzee Mfaume, mchimba makaburi wa mtaa, aliyefiwa na bintiye. Bashiru alikaa, akasikiliza mpaka mzee akamaliza mwenyewe, na saa hakuiangalia. Wakaaga. Mama alipotangulia nje, yeye akarudi, akaushika tena mkono wa mzee.

"Mzee Mfaume, mama yangu..."

Mzee hakuuachia ule mkono. "Yule ni dada yetu. Siku yake ikifika tutamstiri. Wewe nenda kazini."

Nje, Bi Maimuna aliuliza walikuwa wanasemezana nini.

"Nilikuwa nampa pole," alisema Bashiru.

Mama akaitikia kwa kichwa, wakashika njia ya gatini.