Uji Chini ya Nta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nainamisha uso, hata nikiwa peke yangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kijijini kwetu upande wa Mitundu. Nilikuwa kijana, msimamizi wa karakana ya kijiji, nimemaliza darasa la nane na najiona msomi. Madebe yetu ya asali yalikuwa yakivuja njiani, basi tukawa tunaziba mifuniko kwa utepe wa kitambaa uliopakwa ulimbo. Ulishika vizuri, ila ukiuviringisha ulijishika wenyewe, na ukiuvuta unachanika. Nilihangaika nao msimu mzima. Nilijaribu hata kupaka nta mgongoni mwa kitambaa, lakini nta ilipenya upande wa pili na ulimbo ukakataa kushika. Nikaacha.

Mama Zainabu, mjane aliyekuwa akikamua asali pale, ndiye aliyeweza. Alipaka kwanza mgongoni mwa kitambaa uji mwembamba wa mtama, akauacha ukauke uzibe vitundu, ndipo akapitisha nta kidogo juu yake. Utepe ukafunguka bila kuchanika.

Habari zikafika wilayani. Akaja afisa na fomu, akatukalisha wanakamati. Alisema kama ni jambo jipya, jina la aliyeligundua litaandikwa, naye atapelekwa kufundisha vijiji vingine. Siku hizi wenzenu wanagombania hataza, zile hati za kumiliki ugunduzi. Sisi tulikuwa na karatasi ile tu.

Akanigeukia mimi, msomi. "Hili ni jambo jipya?"

Mama Zainabu alikuwa amekaa kwenye benchi, kajifunga kanga yake ya sikukuu.

"Hapana," nikasema. "Ni jambo la wazi. Nta haishiki kitu, nani asiyejua?"

Ulikuwa wivu, mwanangu, si kingine. Afisa akakunja fomu yake. Mama Zainabu akanitazama, akainuka, akaenda zake.

Mwenyekiti wetu, Mzee Ntandu, alinifuata karakanani. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika.

"Lilikuwa wazi kwako lini?" akauliza. "Kabla hajakuonyesha, au baada?"



Asubuhi yake nilikwenda kwa Mama Zainabu, nikamkuta anapepeta mtama. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, pamoja na ile nta yangu iliyoshindwa.

"Najua ulijaribu," akasema. "Vitambaa ulivyotupa niliviokota mimi. Ndivyo vilivyonionyesha kwamba nta inapenya. Nilitaka kumwambia afisa atuandike wawili."

Nilimwandikia afisa barua ya kueleza ukweli. Jibu halikuja. Mama Zainabu akahamia Ihanja kwa binti yake, na karakanani hakukanyaga tena.

Mwanangu, jambo likishaonyeshwa huonekana jepesi. Kabla hujasema lilikuwa wazi, jiulize wewe ulikwama wapi siku ile halijaonyeshwa. Na mwenye kazi yake mtaje kwa jina, mbele za watu, angali hai na anasikia. Kuomba radhi faraghani hakurudishi kilichochukuliwa hadharani. Mimi nimeishi na hilo.

Mungu akupe jicho la kuiona kazi ya mwenzako, na akulainishie ulimi uiseme.