Bua la Boga na Mrija wa Kioo

Kiangazi kilipokolea mjini Nakuru, upepo uligeuka na kutuletea harufu ya ziwa mpaka ndani ya nyumba. Ilikuwa harufu ya magadi, tope lililokauka na mavi ya ndege, na mama alikuwa akiifungia madirisha huku akiwasema wale heroe, ndege wekundu wa ziwani, kana kwamba ni majirani wachafu waliohamia mtaani kwetu Bondeni bila kupiga hodi. Lakini mwaka ninaousimulia, kufunga madirisha hakukusaidia kitu, kwa sababu ndani mwetu mlikuwa na harufu nyingine iliyotushinda wote. Jikoni kulinuka limau lililokamuliwa, majivu yaliyolowekwa tangu usiku, na chai ya rangi, ile ambayo majirani zetu wa bara waliiita turungi, iliyoachwa kwenye vikombe hadi ikapoa. Hakuna aliyeinywa chai hiyo. Ilikuwa ya kaka Swaleh, na kaka Swaleh alikuwa anajifunza Kemia.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye alikuwa amekwisha kuota ndevu. Ilikuwa mwishomwisho wa miaka ya hamsini, siku ambazo mtoto wa Kiafrika kufika kidato cha nne lilikuwa jambo la kusimamisha watu barabarani. Baba yetu alikuwa fundi wa cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka, na kila mteja aliyekuja kupimwa suruali aliondoka akijua kwamba mwana wa fundi anakwenda Kampala kusomea udaktari. Mtaa mzima ulimwita Dakta kabla ya wakati. Wazee walimwonyesha majipu yao njiani akitoka shule, naye akiyatazama kwa adabu na kuwaambia waende hospitali. Mimi nilijua ni kwa nini aliutaka udaktari, ingawa nyumbani halikusemwa. Mdogo wetu Hamisi alikuwa amekufa kwa kichomi mikononi mwa mama, kwenye baraza ya hospitali, foleni ikiwa bado ndefu mbele yao. Tangu siku hiyo Swaleh hakutaka kazi nyingine. Na bila kufaulu Kemia hakuna ambaye angempokea Kampala.

Tatizo la shule yao lilikuwa kabati. Vifaa vya sayansi vilikuwa vimeletwa kutoka Nairobi vikiwa vimefungwa kwa nyasi kavu ndani ya sanduku, na mwalimu mkuu, mtu wa heshima aliyevaa tai hata Jumamosi, alivipanga kwa mkono wake mwenyewe ndani ya kabati lenye milango ya kioo ofisini kwake, akafunga, akaweka ufunguo mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba kikivunjika kimoja hakitarudishwa, na kwamba mkaguzi atakuja akute pengo. Basi mara moja kila muhula wanafunzi walipanga mstari, mikono nyuma, wakapita ofisini kuvitazama. Mkaguzi naye alipokuja alivitazama vilevile, akafurahi, akaenda zake. Mwalimu wao wa Kemia, Mwalimu Ouma, aliomba ufunguo mpaka akachoka. Alijibiwa kwamba avumilie, maabara itajengwa. Ikambidi afundishe kwa chaki. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, na Swaleh alikuwa akituigia michoro hiyo kwa kijiti kwenye vumbi la uani: huu ni mrija mrefu wenye bomba dogo chini, huu ni mrija wenye tumbo katikati kama nyoka aliyemeza panya, huo unaitwa pipeti. Unaweka mdomo juu, unavuta, dawa inapanda hadi kwenye alama, unaziba kwa kidole. Alijua yote hayo kwa moyo. Hakuwa amewahi kuishika.

Ndipo akabuni maabara yake jikoni kwa mama. Nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, maboga yalikuwa yameota yenyewe na kutambaa mpaka kwenye ukuta wa choo, na bua la jani la boga, kama ajuavyo kila aliyekulia sehemu hizo, lina uwazi ndani. Alilikata, akalikwangua vinyweleo kwa kisu, na likawa ndiyo pipeti. Chai ya rangi ndiyo ilikuwa dawa ya kuonyesha. Ukiitilia maji ya majivu inaiva na kuwa nyeusi, ukiitilia limau inapauka mpaka inakuwa kama mkojo wa mtoto. Na Swaleh alitaka kujua ni matone mangapi hasa ya limau yanayorudisha kikombe kwenye rangi yake ya kwanza. Mimi nilishika kikombe nikasema rangi imefika au haijafika, na tulibishana sana, maana nilikuwa na mdomo. Lakini bua la boga lina ukaidi wake. Lina nyufa ndogo, linaingiza hewa, na ukilinyonya taratibu hupati kitu. Ilimbidi Swaleh avute kwa nguvu zake zote, mashavu yakaingia ndani mpaka meno yakaonekana umbo lake, na mimi nikacheka hadi nikamwaga chai. Naye alicheka. Jioni baada ya jioni alivuta hivyo, mpaka akawa fundi. Hata maji ya majivu yakimfika mdomoni alitema tu na kuendelea. Mama alimwambia baba kwamba mwanawe atakufa kwa kunywa jivu kabla hajamtibu mtu, na baba akacheka, na katika mwaka wote ule sikumbuki nyumba yetu ikiwa na furaha kuliko siku hizo.

Mtihani wa maandishi ulikwenda vizuri. Alirudi kila siku na kutusimulia maswali na majibu kana kwamba yeye ndiye aliyeyatunga. Ulibaki wa vitendo, na kwa kuwa shule yao haikuwa na maabara, ilipangwa wakafanyie kwenye shule ya watoto wa Kizungu, upande wa juu wa mji, siku ambayo wenyewe hawapo. Asubuhi hiyo mama alimsomea dua, baba akamnyoosha kola, nami nikaenda naye mpaka pale barabara inapoanza kupanda, nikarudi nikiwa na kiburi cha kutosha watu kumi. Mchana kutwa tulimngoja. Mama alipika wali wa nazi, nazi iliyotoka Mombasa kwa treni na ambayo alikuwa ameificha kwa siku kama ile.

Alirudi alasiri akiwa ameshika leso mdomoni. Alikaa kwenye kibao cha kukunia nazi, hapo hapo jikoni. Kisha alitueleza, kwa sauti ya chini, mara moja tu, na hakurudia tena maishani mwake. Chumba kilikuwa kirefu na cheupe, kila mtahiniwa alikuwa na meza yake, maji yake ya bomba na vifaa vyake, vyote vikimetameta. Alitambua kwamba anavishika kwa mara ya kwanza. Aliitia pipeti kwenye dawa, ile ya jamii ya magadi lakini yenye ukali wake, akaweka mdomo juu, akavuta. Akavuta kama alivyozoea. Kioo hakina nyufa wala hakiingizi hewa, na dawa ilipanda kwa mara moja ikampiga kooni. Alipaliwa. Akatema kwenye meza, juu ya karatasi yake, na pipeti ikamponyoka ikavunjika sakafuni, mbele ya wenzake wote. Msimamizi, Mzungu mmoja mzee, alimtoa nje akasukutue, na Swaleh alisema hakumgombeza, hata alimpa pipeti nyingine. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na kila alipoiinua ile ya pili, mdomo ulikataa. Akakisia vipimo kwa macho. Akaandika tarakimu ambazo yeye mwenyewe alijua ni za uongo.

"Ungemwambia akuache ujaribu kwanza, mwanangu," mama alisema.

"Haikuwa siku ya kujaribu, mama." Halafu akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ni mimi peke yangu ningeelewa. "Kile kioo hakitaki nguvu, Zena. Nimekivuta kama bua la boga."

Wali tuliula umepoa. Baba aliporudi kutoka barazani na kuambiwa, alikwenda msikitini kabla ya saa yake.

Matokeo yalikuja mwaka mpya ulipoingia. Katika masomo mengine aliwashinda karibu wote, na Kemia ya kuandika ilikuwa safi, lakini ile ya vitendo ilimvuta chini na somo zima likaanguka nayo. Kampala haikutajwa tena. Kilichomuuma zaidi, na kilichoniuma mimi nilipokua na kukielewa, ni yale yaliyofuata shuleni. Mwalimu Ouma alikwenda ofisini na habari ya Swaleh mkononi, akidhani sasa kabati litafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kupata malalamiko kuhusu kioo kilichovunjwa kwenye shule ya wenyewe. Siku ya kufungua muhula alisimama mbele ya wanafunzi wote na kuwaambia, "Mmeona wenyewe. Wakipewa kushika, wanavunja." Kabati likabaki limefungwa. Swaleh alisimuliwa hayo na vijana wa mtaani, wale wale ambao bado walikuwa wakimwita Dakta, sasa kwa kumcheka. Aliajiriwa kwenye ghala la ngano, akawa mtu wa mizani, akaoa, akazaa, akafanya kazi yake vizuri hadi alipozeeka. Alikuwa baba mwema na jirani mwema. Lakini alipougua mtoto yeyote mtaani, alitoka nyumbani akaenda kutembea peke yake mpaka aambiwe amepona. Tumemzika, na mimi bado nina hasira. Sijui nimkasirikie nani, maana kila niliyetaka kumlaumu amekwisha kufa pia, na hakuna hata mmoja wao aliyemtakia mabaya.

Mwaka jana nilialikwa shuleni kwa mjukuu wangu, shule ya kutwa huku mtaa wa Rhonda, siku ya wazazi. Si shule tajiri. Madirisha mengine ni mabati, na maabara yao, chumba kimoja, inagombaniwa na madarasa manne, watoto sita wakizunguka meza moja kama kuku kwenye sahani. Mwalimu wao, binti mdogo aliyevaa raba, alitukaribisha wazazi tusimame nyuma tuone somo likiendelea. Nilishangaa kuona kwamba siku hizi hakuna anayetia mdomo kwenye pipeti. Ina kipira juu, unakibonyeza tu. Nilikuwa bado nakifikiria hicho kipira, na miaka yote iliyopita bila hicho, niliposikia kioo kinavunjika. Kijana mmoja, mrefu, mwenye shati lililofupika mikono, alikuwa amesimama ameduwaa, vipande miguuni mwake. Nilimtazama yule mwalimu, nikaona anamkaribia, na nikajikuta nimekwisha kuinua mkono ili nimtetee mtoto nisiyemjua.

Mwalimu alitazama kama amejikata, akaona hajajikata.

"Fagia hapo," akamwambia, "halafu uchukue ingine, uendelee."

Kijana akafagia, akachukua nyingine, akaendelea. Darasa halikugeuka hata kumtazama. Mjukuu wangu alinikuta nje, nimeegemea ukuta, akaniuliza, "Cucu wa Bondeni, unalia nini?" kwa ule utani wao wa kumwita bibi kwa neno la majirani zetu wa bara. Nilimwambia ni dawa za mle ndani, zinawasha macho.