Mgomba wa Baba Mkubwa

Vita vya pili vya Mwingereza na Mjerumani vilichukua mahindi, ng'ombe na wanaume katika vilima vyetu vya Mbeya. Mahindi na ng'ombe hakuna aliyetegemea virudi. Wanaume tuliwangojea. Baba mkubwa, kaka yake baba, alipelekwa Burma, na miaka ya hamsini ilipoingia mke wake alikuwa bado anamwekea chakula.

Ndipo dereva mmoja wa lori, askari wa zamani wa Ipogolo kule Iringa, aliposimama kwetu akasema alimzika kwa mikono yake. Ukoo ukapumua. Kwetu aliyefia mbali huzikiwa mgomba: shina hukatwa, huvikwa sanda, hulazwa kaburini, kisha matanga huanuliwa na mjane hurithiwa. Mchungaji alikataza kurithi wajane, lakini wazee walimsikiliza Jumapili tu. Baba mdogo, mwenye wake wawili na hamu ya wa tatu, akaanza kupitapita shambani kwa mama mkubwa akikagua kahawa.

Mama mkubwa hakumtaka, na alisema hivyo mbele ya wote. Wazee wakaendelea kupanga siku ya maziko. Nilimwonea huruma. Akaomba jambo moja tu, mgomba autoe yeye na sanda aishone yeye. Wakaona ni haki yake. Kaburi walilichimba la kina kifupi, maana fisi hafukui mgomba. Tulizika asubuhi, mvua ikinyesha, na waliobeba walinung'unika kwamba marehemu ni mzito.

Mahindi hayajakomaa, kaburi likachipua. Wazee walilizunguka, wakatema mate chini, wakaondoka kila mtu na njia yake. Baba mdogo hakukanyaga tena uwanja ule. Nani atamrithi mke ambaye mumewe bado anaota majani? Baadaye sisi watoto tulikula ndizi za kaburini. Zilikuwa tamu, wala sikuogopa.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza mama mkubwa kama aliung'oa mgomba ule na mizizi yake makusudi, maana kila mtu alijua kwamba mgomba wa kaburi hukatwa. Alikuwa anapalilia, na hakuinua kichwa.

"Baba yenu mkubwa hakutoka hapa amekatwa," alisema. "Alitoka mzima."